Kimia cha Sindano: Kasoro Huonekana Mwisho, Chanzo Kiko Mwanzo

Kola yangu ya kwanza ya kimia cha sindano, yaani lesi inayoshonwa kwa sindano na uzi peke yake, ilinichukua jioni za miezi minne. Siku niliyoikata kutoka kwenye karatasi yake niliilaza mezani, nikaondoa kiganja, nayo ikajikunja polepole kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Nilidhani ni mkono wangu tu, bado haujakomaa. Nikaanza nyingine kwa uangalifu zaidi, ikajikunja vilevile. Ya tatu niliikagua hatua kwa hatua, nikakuta mishono haina neno. Tatizo lilikuwa kwenye nyuzi za mpaka, zile zinazolazwa siku ya kwanza kabla ya mshono wowote. Nilikuwa nazivuta mno kwenye kona.

Tangu siku hiyo kila kasoro naifuatilia kinyumenyume, na ndivyo mwongozo huu unavyokwenda. Inayoonekana mwishoni mara nyingi ilizaliwa hatua tatu au nne nyuma, na ukiitibu pale inapoonekana tu utairudia kwenye kazi inayofuata.

Kwanza tuelewane maneno

Kimia cha sindano hakina kitambaa ndani yake. Mafundi wa Venice, Italia, walianza kwa kuchomoa nyuzi kwenye kitani na kuyajaza matundu kwa sindano, kazi iliyoitwa reticella. Katika karne ya 16 wakakiacha kitambaa kabisa, wakashona juu ya mchoro peke yake, wakaiita punto in aria, yaani mshono wa hewani. Kwa hiyo kila kinachokishikilia kimia umekiweka wewe kwa uzi. Ukisahau kitu, hakuna kitambaa cha kukusitiri.

Unachora kwenye karatasi ya rangi iliyokolea kidogo ili macho yapumzike, unaifunika kwa nailoni ya kujalidia madaftari, unaishikiza juu ya tabaka mbili za marekani. Juu ya kila mstari wa mchoro unalaza nyuzi mbili sambamba na kuzifunga kwa vijishono vidogo vinavyopenya hadi kitambaa cha chini, kila baada ya milimita 2 au 3. Nyuzi hizo mbili nitaziita mpaka, na vile vijishono nitaviita bandi. Kuanzia hapo unashika sindano butu, na haipenyi kitambaa tena: inashika mpaka tu. Unajaza ndani kwa mshono wa tundu la kifungo, unaunganisha sehemu kwa wavu au kwa vidaraja, unazungushia ukingo mnene, halafu unapitisha wembe kati ya zile tabaka mbili za marekani na kukata bandi zote. Kimia kinabaki mkononi.

Huko Burano, kisiwa cha wavuvi karibu na Venice, kazi hizi ziligawanywa, kila mwanamke na hatua yake. Anayepokea kazi ya mwenzake huiona kasoro kabla hajaongeza yake. Sisi tunaofanya kila kitu peke yetu hatuna jicho hilo la pili, ndiyo maana nasisitiza ukaguzi mwisho wa kila hatua.

Kimia kimejikunja au kimetuna

Hii ndiyo dalili inayowavunja watu moyo, na ina vyanzo vingi. Kilaze kimia kikavu juu ya meza, usikibonyeze, ukitazame kimekaa umbo gani. Yako mawili.

La kwanza ni bakuli: katikati pametuna, au ukingo umeinuka pande zote. Msusi wa kawa analijua umbo hili kwa sababu yeye analitafuta makusudi. Huubana ukili unapozunguka mpaka kawa ipate tumbo. Kwenye kimia maana ni ileile: mzunguko wa nje ni mfupi kuliko unavyohitajiwa na kilichomo ndani. Chukua nakala ya mchoro wako (na hii ndiyo sababu ya kutunza nakala kila mara), ulaze kimia juu yake. Kama mpaka unakata kona, yaani kwenye mapindo makali unapita ndani kidogo ya mstari uliochora, basi uliuvuta ulipokuwa unaulaza. Kama mpaka unafuata mstari sawasawa, shuku ukingo. Wengi wetu tukimaliza kushona ukingo tunazivuta zile nyuzi za kujazia zilizomo ndani yake ili zikae nadhifu kabla ya kukata ncha, nazo zinakusanya kazi nzima kama kamba ya kiunoni inavyokusanya bukta.

Umbo la pili ni mawimbi. Katikati pametulia, lakini ukingo unapanda na kushuka kama pindo la gauni. Hapa mambo yamegeuka: ukingo ni mrefu kuliko ndani. Hesabu mishono ya ukingo kwenye sentimita moja pale penye wimbi, kisha pale palipotulia. Ikiwa penye wimbi pana mishono mingi zaidi, mishono imesukumana ikaurefusha ukingo. Ikiwa hesabu ni sawa, chanzo kiko ndani. Inua kimia kwenye mwanga wa dirisha uangalie mpaka: ukiona umevutwa ndani vijino vijino, jino moja kila mahali safu iliposhika, mkono wako ulikaza mishono ya kujaza. Safu nzuri inafika mpakani, inaushika, inaondoka, na mpaka haujasogea hata unywele.

Kinachotudanganya ni kwamba wakati wote kazi iko kwenye karatasi bandi zinakishikilia kila kitu, na mkazo wote unafichika hadi siku ya wembe. Usisubiri siku hiyo. Kila ukimaliza kujaza petali moja, bonyeza katikati yake kwa tundu la sindano. Ikirudisha kama ngozi ya ngoma, umekaza. Inatakiwa ibonyee kidogo na kurudi taratibu, kama chandarua kilichochomekwa vizuri.

Kuna chanzo kingine ambacho hakimo kwenye mkono: uzi mnene kuliko nafasi uliyouchorea. Dalili yake ni kwamba kimia kinajikunja na tena ni kigumu, ukikishika ni kama kipande cha jamvi. Hapo punguza unene wa uzi au kuza mchoro. Mchoro uliokuzwa kwa nusu tena ya kipimo chake unapumua, na si aibu kuanza na kazi kubwa. Ndogo sana ndiyo ngumu.

Tiba ya bakuli dogo au mawimbi madogo ni maji. Tandika nakala ya mchoro juu ya ubao, ifunike kwa nailoni, lowesha kimia kwa maji safi, kichomeke kwa pini zisizoshika kutu kuanzia katikati kwenda nje, pini moja kila kona na kila ncha ya petali, ukiache kivulini mpaka kikauke kabisa. Lakini bakuli lililotokana na mpaka uliovutwa litarudi siku ya kwanza ya unyevu, na huku pwani siku hiyo haiko mbali. Hilo dawa yake ni kushona upya. Safari hii kwenye pindo kali tanguliza bandi moja kwenye kilele cha pindo kabla hujageuza uzi, kisha weka bandi kila milimita 1 mpaka utoke kwenye pindo. Uzi wa mpaka usiuvute kwa mkono wa pili, uache ulale.

Ulipokata bandi, vipande vimeachana

Angalia kwanza kilichokatika. Ukikuta ncha za uzi wa kujaza zimekatwa safi, wembe ulipita mahali si pake. Watu hukata bandi kwa juu, kati ya kimia na karatasi, kwa sababu ndiko wanakoziona. Marekani huwekwa tabaka mbili kwa ajili hiyo hasa: unatenganisha tabaka, unaingiza wembe au mkasi mdogo katikati, unakata bandi zikiwa mbali na kazi, halafu unazing'oa vipande vipande kwa kibano. Ndivyo wanavyofanya Alençon kule Ufaransa, na baada ya kukata wana hatua nzima ya kuondoa masalio ya nyuzi hizo, moja moja.

Ukikuta hakuna kilichokatwa ila mshono umechomoka kwenye mpaka, basi sindano ilishika uzi mmoja badala ya miwili, au iliuchana uzi wa mpaka ikapita katikati yake. Sababu ni sindano yenye ncha. Uzi uliochanwa unashikilia leo na kuachia kesho.

Na ukikuta mpaka wenyewe umefunguka mahali pamoja, hapo ndipo ulipoanzia na kumalizia. Mwanzo na mwisho wa mpaka sharti upishane walau sentimita 1, nyuzi zikiwa sambamba, na mshono wa kujaza au wa ukingo uzipitie zote. Kuzifunga fundo tu hakutoshi, na fundo linaonekana.

Kuna ukaguzi wa dakika kumi unaookoa miezi. Kabla ya wembe, pitisha upande wa tundu la sindano chini ya mpaka mzunguko mzima, uinue kidogo kila baada ya milimita chache. Mahali popote ambapo mpaka unainuka bila kuinua mshono, ongeza mshono.

Safu zinapinda, matundu hayalingani

Mshono wa tundu la kifungo una upande wake. Ukishona kutoka kushoto kwenda kulia unalalia upande mmoja. Ukirudi kulia kwenda kushoto unalalia mwingine. Ukienda na kurudi kila safu utapata mistari inayopishana, nayo inapendeza ikiwa umeitaka. Usipoitaka, utaona kama safu moja imefifia na nyingine imekoza na hutajua kwa nini.

Njia ya kupata safu zinazofanana ni kushona kuelekea upande mmoja tu. Ukifika mwisho, shika mpaka, rudisha uzi mtupu ulionyooka hadi ulikoanzia, kisha safu mpya ishike kwa pamoja kitanzi cha juu na uzi huo. Uzi wa kurudi ndio mhimili wa safu. Safu zikilegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, uzi wa kurudi umelegea. Mpaka ukivutwa ndani pande mbili, uzi huo umekazwa mno.

Matundu yakianza makubwa yakaishia madogo, hesabu mishono ya safu ya kwanza na ya kumi. Petali inayopanuka inadai mshono wa nyongeza, na inayofinyika inadai upunguzwe, na mahali pa kufanya hivyo ni mpakani, kwenye mshono wa kwanza au wa mwisho. Anayeongeza katikati anatengeneza shimo ambalo jicho litaliona kila mara. Mimi huandika hesabu pembeni mwa karatasi kwa penseli kila baada ya safu tano.

Kuna kutolingana ambako hakutokani na hesabu. Mkono wa asubuhi si mkono wa usiku, na mkono wa siku ya huzuni ni mwingine kabisa. Kabla ya kuendelea na kazi ya jana, shona safu nne kwenye kipande cha majaribio uzilinganishe na za jana. Ukiona umekaza, fumua, shona tena, ndipo uende kwenye kazi. Mazoezi haya hakuna kitabu kinachoweza kuyafanya badala ya mikono. Burano waliujua ukweli huo kwa shida: ilipofika mwaka 1872, wakati Countess Andriana Marcello na Paolo Fambri walipotaka kuufufua ufundi huo kisiwani, aliyekuwa bado anaukumbuka mshono wa zamani ni bibi mzee, Cencia Scarpariola. Mwalimu wa shule, Anna Bellorio d'Este, alikaa naye, akatazama vidole vyake, akajifunza, kisha akawafundisha wasichana wanane. Shule yao ilidumu mpaka 1970, na sasa jengo lake ni makumbusho ya kimia. Kila nikiisoma habari hiyo nashtuka jinsi uzi ulivyokuwa mwembamba.

Uzi unachakaa, unajisokota, unakatika

Urefu kwanza. Uzi ukizidi sentimita 45 au 50, sehemu ya mwisho itakuwa imepita kwenye mamia ya vitanzi kabla ya kushonwa, na itakuwa na manyoya. Ukate mfupi, ubadilishe mapema.

Uzi ukijisokota na kufanya vifundo, kila mshono unauzungusha kidogo, na mizunguko inajikusanya karibu na sindano. Kila baada ya mishono kama ishirini inua kazi, iachie sindano ining'inie, uzi ujifungue wenyewe. Ukiona unajisokota kupita kiasi tangu mwanzo, geuza: tunga ncha ya pili kwenye sindano. Uzi wa kitani ukikauka sana unakatika. Huku kwetu mara chache unakauka, ila chini ya feni ya juu siku nzima nao hulalamika. Usogeze mbali na upepo.

Jambo moja la pwani ambalo sijaliona likiandikwa na walioko nchi za baridi: kutu. Hewa ya chumvi na jasho la vidole huipa sindano madoa madogo yasiyoonekana kwa macho, ambayo yanaikwaruza kila nyuzinyuzi inayopita. Uzi unachakaa na unaacha kivuli cha kahawia juu ya weupe. Futa sindano kwa kitambaa kikavu kila unapoiweka chini, zihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na konzi ya mchele mkavu, na usiiache sindano imechomwa kwenye kazi usiku. Doa la kutu kwenye kimia ni vigumu kulitoa bila kuumiza uzi.

Mishono ni safi, lakini ua halionekani

Hapa ndipo penye usanii, na hapa ndipo watu wenye mikono mizuri kuliko yangu wanapokwama. Kazi imenyooka, haina shimo wala fundo, lakini ukisogea hatua mbili unaona kijivu kitupu.

Itandike juu ya kaniki, au kitambaa chochote cheusi. Rudi nyuma mita 2, finya macho. Au piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Unachokiona sasa ndicho kimia chako. Kimia hakina rangi ya kutofautisha ua na jani. Kina uzito tu, yaani wapi weupe umejaa, wapi umechanganyika na giza la chini, wapi giza limeachwa lenyewe. Kama petali, jani na mandhari vyote umevijaza kwa mshono uleule wenye nafasi ileile, umechora kwa kalamu moja juu ya karatasi ya rangi hiyohiyo.

Chanzo chake kiko kwenye penseli, kabla ya uzi. Mimi sasa sichori mistari peke yake. Nikimaliza mistari, nachukua penseli laini na kupaka vivuli vitatu: sehemu nzito zitakazoshonwa kwa kubanana, sehemu za kati, na sehemu zitakazobaki wazi. Kama vivuli havisomeki kwenye karatasi, uzi hautavisomesha. Halafu nachagua mahali pamoja tu pa uzito mkubwa. Kimia chenye vitovu vinne vya uzito ni kama baraza lenye wasemaji wanne kwa wakati mmoja.

Nilijifunza hili vizuri zaidi kwa bibi yangu kuliko kwa mtu mwingine, na yeye hakuwahi kushona kimia. Alishona kofia za viua. Alisukuma nyuzi za bafta kando kwa kijiti, akazungushia tundu kwa mshono uleule tunaoutumia sisi, tundu baada ya tundu, na nakshi ya kofia ilitokea kwenye matundu. Alikuwa akisema, "Mjukuu wangu, tazama nilipoacha, usitazame niliposhona." Nilikuwa na miaka tisa. Niliielewa kauli hiyo nikiwa na kola ya tano mkononi.

Mafundi wa kale walilitatua tatizo hili kwa njia mbalimbali, na inafaa kuzijua ili uchague. Venice ya karne ya 17 ilitumia kimo: ukingo ulijazwa nyuzi nyingi hadi ukanyanyuka kama nakshi ya mlango, ua likatupa kivuli chake lenyewe na likasomeka hata kutoka mbali juu ya joho. Wakati huo fedha za Wafaransa zilikuwa zikimiminika Venice kununua kimia, na mwaka 1665 Colbert, waziri wa Louis XIV, akaanzisha karakana za kifalme, Alençon ikiwa mojawapo. Baadaye Alençon walikwenda njia yao: wavu mwembamba sana nyuma, ua limejazwa kwa mishono ya uzito tofauti ili kupata kivuli, na ukingo wake umetiwa unywele wa farasi ndani ili usimame imara. Tofauti ya ua na mandhari yake ndiyo inayofanya kazi yote hapo. Kisiwa cha Pag, Kroatia, hawakutumia mchoro. Walishona kwa kumbukumbu, maumbo ya duara na pembetatu yanayojengwa juu ya nyuzi zilizotandwa kama utando wa buibui, na ulinganifu unalifanya umbo lisomeke.

Na Waturuki wana oya, kimia kidogo cha sindano kinachoshonwa kwenye pindo za mitandio, maua ya hariri yanayosimama yenyewe. Mwanamke aliyevaa oya ya pilipili alikuwa akitangaza kwamba mambo yake na mumewe ni makali. Wanawake wa kanga hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Chagua kulingana na ua lako. Asumini ina petali pana zenye ncha na kikonyo chembamba. Ijaze nzito, izungushie wavu mwepesi, iache ukingo mwembamba, itasomeka. Waridi lenye petali zinazofunikana linadai kimo cha Kiveneti, la sivyo petali zinaungana kuwa doa. Jani la mpapai lenye mikato yake mingi, nililijaribu mara mbili, na ushauri wangu ni kulipunguza: acha mikato mitano, futa mingine. Jicho litalimalizia.

Kosa jingine la mchoro ni kujaza kila nafasi. Tazama kanga: kuna pindo, kuna mji, na pindo linajua kwamba ni pindo. Kimia ambacho ukingo wake una shughuli nyingi sawa na katikati hakimwambii mtazamaji aanzie wapi.

Vidaraja vinalegea, ukingo una vifundo

Kidaraja kinacholegea kilijengwa juu ya nyuzi mbili. Tanda uzi mara tatu kati ya mipaka miwili, kisha funika kwa mshono wa kifungo. Kama ni imara lakini kimepinda upande mmoja, ulikifunika kwa mishono mingi kuliko urefu wake. Idadi iwe ya kukifunika tu, isisukumane. Kidaraja kirefu kuliko sentimita 1 kitalegea hata kikishonwa na malaika. Kigawe kwa kukitilia tawi, hapo unapata pembe tatu, nayo haitikisiki. Vinundu vya mapambo vikae pale matawi yanapokutana, ndipo palipo na nguvu ya kuvibeba.

Ukingo wenye vifundo una sababu moja karibu kila mara: nyuzi za kujazia zimeanza na kuisha mahali pamoja. Zianzishe kwa kupishana, moja hapa, ya pili milimita 4 mbele, ya tatu mbele zaidi, na ziishe vivyo hivyo. Unene utapanda na kushuka kama mgongo wa samaki bila kidonda. Uso wa majazo nao unaweza kulainishwa: Alençon huusugua kwa gando la kamba mkubwa wa baharini. Mimi hutumia mgongo wa kijiko cha pembe, juu ya kitambaa laini, na nimeridhika.

Madoa, umanjano, ukungu

Osha kimia kabla ya kukihifadhi hata kama unakiona safi. Jasho la vidole ndilo litakalokuwa manjano mwakani. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na dawa ya kung'arisha, usisugue, usikamue. Kiweke ndani ya melimeli ukizungushe majini. Usitie wanga unapokihifadhi, kwa sababu unaita wadudu. Usikikunje, kiviringishe juu ya bomba la karatasi lililovikwa kitambaa cheupe. Wakati wa masika kitoe kila wiki kipate hewa kivulini.

Lini ufumue

Kwa mujibu wa maelezo ya UNESCO, iliyouandikisha ufundi wa Alençon mwaka 2010, sentimita mraba 1 ya kazi yao hula saa 7. Kwa kasi hiyo kufumua kunauma, najua, na ndiyo maana watu hujishawishi kwamba kasoro haitaonekana.

Utaratibu wangu ni huu. Kasoro iliyo ndani ya majazo na isiyoonekana juu ya kaniki kwa mita 2 naiacha. Kasoro ya mpaka naifumua siku hiyohiyo hata kama imebaki nusu saa tu nimalize, kwa kuwa kila kitu kitakachofuata kitaketi juu yake. Kasoro ya safu naifumua ikiwa iko ndani ya safu tatu za mwisho. Ikiwa nyuma zaidi, nafumua petali nzima, kwa sababu safu iliyopachikwa upya katikati hushika mkazo tofauti na jirani zake.

Na uzi uliofumuliwa usiutumie tena. Umekwishachoka, utachanika palepale. Ukate, tunga mpya, uanzie mpakani.